Hindi Moja, Fuwele Moja

Mikumi, stendi
12 Januari 2026

Dada Naomi,

Shikamoo.

Mama amesema kama mimi na wewe hatuwezi kuongea kwenye simu bila kutukanana, basi tuandikiane, maana karatasi haipandishi sauti. Na kwa kuwa umeniblock tangu Krismasi sina njia nyingine. Barua hii anakuletea Filipo, yule dereva wa Noah ya abiria. Ukijibu mpe yeye, usiwape wa bodaboda, wanasahau mifukoni mpaka wanafua nazo.

Sisi tu wazima. Goodhope ana meno mawili ya chini na anauma kila anachokishika, hata mfuniko wa ndoo. Akiuma ananitazama kwanza kama nimeona. Mtoto ana miezi kumi na tayari anataka kupongezwa.

Nimekuja kwenye shida. Jumamosi nilikuwa Zombo kwa mama. Gugu la kiduha limejaa shambani mpaka karibu na choo. Yale maua mekundu yanavyopendeza, mpita njia angedhani mama kafungua bustani. Mahindi yamefika magotini yamesimama hapo hapo, yamenyauka na mvua ipo. Na baba mdogo Bonifas kaleta miche ya mitiki, kairundika kwenye viriba kando ya shamba. Anazunguka na kamba ya kupimia, anapima huku anapiga miluzi. Anasema ardhi yenye kiduha imekufa, masika ikianza anapanda. Mitiki ikishika, dada, shamba hatulioni tena. Goodhope atakuwa na wajukuu.

Mama amemwambia asubiri mvua ya kwanza ya masika. Anasubiri kwa ajili yako. Ulituambia mradi wenu ukipata picha ya hiyo protini ya kiduha, shamba la majaribio la kwanza litakuwa la mama, kwa sababu mbegu zilitoka pale. Mbegu nilizikusanya mimi, mtoto mgongoni, kwa chujio la chai. Picha ilikuwa ipigwe tarehe nane. Mbona kimya?

Mdogo wako,
Editha


Magomeni, Kilosa
15 Januari 2026

Editha,

Marahaba.

Kukusanya mbegu kwa chujio si utafiti. Kuku naye angekusanya kama angeelekezwa vizuri.

Nakujibu kwa sababu ya mama, na naandika polepole ili uelewe. Kutoka kwenye zile mbegu tulitoa protini moja, ile ambayo mbegu ya kiduha huitumia kunusa mzizi wa mahindi ili iamke na kuunyonya. Tukijua umbo lake tunaweza kutafuta kitu cha kuiziba, mbegu ilale isiamke. Protini haionekani kwa jicho wala kwa darubini. Inabidi igandishwe kuwa fuwele, yaani chembe iliyojipanga sawasawa kama chumvi, halafu ipigwe miale ya eksirei. Miale ikipita kwenye fuwele inatawanyika na kuacha madoa kwenye picha. Tunaizungusha fuwele, tunapiga picha mamia, na kutokana na madoa yote tunapata umbo.

Mashine yenye miale ya namna hiyo haipo huku. Iko ng'ambo. Fuwele zilipelekwa kwa ndege zimegandishwa, na mimi naiendesha mashine nikiwa hapa Kilosa, kwa kompyuta. Tarehe nane mashine ilileta hitilafu. Picha za mwanzo zilikuwa safi kabisa, za mwisho zikafifia, madoa yakapotea. Fuwele tatu zimekwenda kwa namna hiyo. Imebaki moja. Nimepewa zamu nyingine tarehe 24 Februari, saa nne asubuhi.

Mwambie mama mashine iliharibika. Baba mdogo mwambieni aache miluzi.

Naomi


Mikumi, stendi
19 Januari 2026

Dada Naomi,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nageuza mahindi, kwa hiyo kuna masizi ukurasa wa nyuma ukitaka kuyachunguza kwa eksirei.

Mama nimemwambia kama ulivyotaka. Kasema pole sana kwa mashine. Kakuombea na mashine yenyewe akaiombea.

Lakini mimi, dada, sijaamini. Fuwele tatu, mara tatu, kila moja inaanza vizuri inaishia vibaya? Mashine iliyoharibika ingeanza vibaya walau mara moja. Ingeleta picha nzuri katikati. Hii ina adabu sana, inaharibika pale pale kila safari. Mimi hindi langu likiungua upande mmoja siwezi kumwambia mteja jiko limeleta hitilafu.

Dada, mashine haikuharibika. Umeunguza.

Kama nimekosea nisamehe, mimi nimeishia Form Two. Ila niambie, wakati unazipiga hizo picha zote, miale ilikuwa inaipiga fuwele wapi?

Goodhope anasema shikamoo mama mkubwa. Kwa kweli amesema "baba-ba", lakini nimemtafsiria.

Editha


Magomeni, Kilosa
26 Januari 2026

Editha,

Marahaba, na itoshe.

Nimesoma miaka kumi na tisa. Nimeketi na watu wanaojua kila kilichoandikwa juu ya protini hii. Leo naulizwa maswali na muuza mahindi wa stendi ya Mikumi! Wewe uliyeacha shule kwa ajili ya dereva wa lori aliyekwenda Tunduma kununua tairi, mpaka leo anachagua tairi. Wewe uliyempa mtoto jina la basi. Goodhope! Nikilisikia nasubiri konda aite "Iringa, Iringa, moja bado".

Miale ilipiga katikati. Umefurahi? Fuwele zetu ni nyembamba na ndefu, kama kipande cha unywele wa kope. Katikati ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote. Nilijaribu kwanza picha chache hapo, nikaziona ni nzuri, nikabaki hapo hapo nikazungusha mpaka mwisho. Ndiyo, miale huharibu protini. Kila mahali pana kiwango cha dozi panachoweza kustahimili, kikipita hapo mpangilio unavunjika. Hilo tunalijua tangu mwaka wa kwanza wa shahada ya pili. Nilidhani kiwango hakitafika.

Mwenzangu Ditram alinishauri nipange dozi kwanza. Nikamwambia sina muda wa kuchezea hesabu.

Sasa umejua. Mama asijue.

Naomi


Mikumi, stendi
2 Februari 2026

Naomi,

Usitafute shikamoo juu, haipo. Nimeiweka kwa mama mpaka utakapoifuata.

Dereva wa lori mseme unavyotaka. Nami namsema, tena kwa maneno ambayo hayako kwenye shahada ya pili. Shule nayo iseme. Lakini jina la mtoto wangu umelifananisha na basi. Sawa. Basi angalau linafika.

Unajua alivyozaliwa? Wewe ulikuwa kwenye semina. Nilikaa siku mbili hospitali, wauguzi wakaanza kutazamana, mimi nikawa nasema moyoni akitoka mzima nitamwita kitu ambacho kila akiitwa na mimi nitasikia. Akatoka mzima. Analia kama ng'ombe. Basi kila anapoitwa nasikia. Wewe ukiitwa Daktari Naomi unasikia nini?

Haya, tuje kwenye hindi. Siandiki kwa ajili yako, naandika kwa ajili ya shamba la mama.

Ulifanya makosa mawili ambayo hata wanaojifunza stendi hawayafanyi. La kwanza, ulionja katikati. Wateja wangu wanafika, wanafunua ganda, wanabonyeza punje kwa ukucha waone kama ina maziwa. Wakibonyeza katikati, mpaka jioni hindi lina makovu matupu, hakuna anayelitaka. Kwa hiyo mimi nimeweka sheria: ukitaka kubonyeza, bonyeza ncha. Ile ncha yenye punje ndogondogo, ambayo hata hivyo hailiwi. Wewe umebonyeza katikati, tena mara nyingi, halafu pale pale palipojaa kucha zako ndipo ulipotaka kupika.

La pili, ulizungusha bila kusogeza. Jiko langu ni dogo, mkaa unaowaka vizuri una upana wa vidole vitatu tu. Hindi ni refu kuliko moto. Nikilizungusha pale pale, napata pete nyeusi katikati na huku na huku ni bichi. Kwa hiyo nazungusha huku nasogeza. Naanza mwisho mmoja, kila nikigeuza kidogo nasogeza kidogo, moto unakuta punje mpya. Nikifika mwisho wa pili, hindi limekwisha kuzunguka lote na kila mahali pamepata moto wake, hapana palipozidiwa.

Na moto nauweka mdogo. Ninyi wenye mashine nasikia mnapenda moto mkali ili mjivunie.

Mashine yako haiwezi kusogeza? Kama haiwezi, iuzeni mnunue jiko.

Editha


Magomeni, Kilosa
9 Februari 2026

Editha,

Marahaba, ingawa hujanisalimu. Mimi ni mkubwa wako ukipenda usipende.

Mashine inaweza kusogeza. Njia hiyo ipo, ina jina lake na makala zake, wala hukuigundua wewe pale stendi. Niliijua. Sikuitumia, hayo ni mambo mawili tofauti.

Na umekosea jambo, nalifurahia sana. Moto mdogo. Kwenye hindi moto mdogo unasaidia, kwenye fuwele iliyogandishwa hausaidii kitu. Mwale mkali kwa muda mfupi au mwale hafifu kwa muda mrefu, kinachovunja protini ni jumla ya dozi mahali pale. Kwa hiyo hekima yako ya mkaa ina mwisho. Nimekuandikia hili kwa wino mwekundu ili ulione.

Nimekaa nikapanga. Fuwele ya mwisho ni ndefu kuliko zote, ila ncha moja ina ufa mdogo. Nitapima kwenye ncha yenye ufa, halafu nitaanza upande ule mzima. Kwa kila picha fuwele inazunguka kidogo na kusogea hatua moja. Hatua ni theluthi ya upana wa mwale. Kwa kuwa inasogea, kila mahali patapigwa mara moja tu, kwa hiyo nimeongeza nguvu ya mwale mpaka karibu na kiwango, ili madoa ya mbali, yale ya pembezoni mwa picha, yaonekane vizuri. Ndiyo sayansi, kutumia kilichopo mpaka ukingoni.

Sikutumii ili unikosoe. Nakutumia ili ujue kazi iko mikononi mwa mtu aliyesoma, ukamtulize mama. Mwambie mvua ikichelewa siku kumi tu, tumepona.

Naomi


Mikumi, stendi
14 Februari 2026

Naomi,

Hilo la moto mdogo nimelikubali. Nililifikiria kwa chumvi. Ukitia kijiko kizima kwa mkupuo au ukidondosha punje moja moja tangu asubuhi, mchuzi ukizidi umezidi. Sawa. Moja kwako. Kula wino wako.

Sasa soma hapa polepole, naandika polepole ili uelewe.

Unasema hatua ni theluthi ya upana wa mwale, na kila mahali patapigwa mara moja. Naomi! Mkaa wangu ni vidole vitatu. Nikisogeza hindi kidole kimoja, ile punje ya mwanzo imetoka motoni? Haijatoka. Bado iko juu ya mkaa. Nikisogeza cha pili bado ipo. Ndipo nikisogeza cha tatu inatoka. Kila punje inapata moto mara tatu. Nimelichukua hindi nikalichora kwa mkaa alama za vidole, nikalisogeza juu ya kipande cha kanga chenye upana wa vidole vitatu, nikahesabu. Tatu. Nikamwita mama Yusrah wa maandazi naye ahesabu, yeye hata darasa la pili hakumaliza. Kapata tatu. Mpaka Goodhope nimempa ahesabu, kalila.

Na wewe umeweka nguvu mpaka karibu na kiwango, ukidhani mara moja. Utaunguza fuwele ya mwisho kwa ustadi mkubwa sana, mwanzo mpaka mwisho, sawasawa pande zote. Ile ya katikati angalau ingebakiza ncha.

Gawa kwa tatu. Au sogeza kwa vidole vitatu. Mimi sijui kipi kinafaa, ndicho kilichokupeleka shule.

Na jambo la mwisho, kwa sababu una hindi moja na hakuna la pili. Hesabu mzunguko na urefu viishe pamoja. Ukisogeza haraka utafika mwisho upande mmoja haujaona moto. Ukichelewa, utamaliza kuzungusha na nusu ya hindi umeiacha bure. Mimi kwanza nalitazama lote, nalipima kwa macho, ndipo naliweka. Wewe una kompyuta.

Nina la kukuambia ambalo nimelificha. Wiki mbili zilizopita baba mdogo alianza kuchimba mashimo. Mama yuko ndani ana homa, hakuna wa kumzuia. Nikamwambia aache, picha imepatikana, gari la mradi linakuja tarehe mbili Machi. Nilimwangalia usoni nikasema. Akaweka jembe chini, akasema haya, tarehe mbili. Kwa hiyo usinione nasema sana ukadhani mimi ni msafi. Wewe ulimdanganya mama kuhusu mashine, mimi nimemdanganya baba mdogo kuhusu wewe. Ukishindwa, mimi ndiye nitakayesimama pale shambani na uongo wangu, mbele ya ukoo mzima, na mtoto wangu mwenye jina la basi.

Editha


Magomeni, Kilosa
22 Februari 2026

Editha,

Tatu.

Nimerudia mara nne, kisha nikampa Ditram bila kumwambia jibu. Tatu. Aliniuliza nani kaligundua kosa, nikasema mtu mmoja wa Mikumi. Akauliza ni profesa wa wapi.

Nimegawa. Nguvu ya mwale nimeishusha. Madoa ya mbali huenda yakawa hafifu kidogo, lakini yatakuwapo mpaka picha ya mwisho. Mzunguko na urefu vinaisha pamoja, nimeacha ncha yenye ufa. Mpango wote nimeuingiza kwenye mashine kabla, ukianza unakwenda wenyewe.

Kwa nini ulimwambia tarehe mbili? Kwa nini hukusema tisa, kumi? Hata kudanganya hujui.

Mama homa imeshuka?

Naomi


Mikumi, stendi
28 Februari 2026

Naomi,

Leo siku ya nne tangu zamu yako na sina hata mstari. Filipo nimemuuliza kila siku mpaka ameanza kupita upande wa pili wa barabara.

Mama homa imeshuka. Jana kaamka kaenda kung'oa kiduha kwa mkono, kichwa kimefungwa kitambaa. Anang'oa, anasema "mwanangu anatengeneza dawa yako, ngoja." Anakiambia kiduha. Nimeshindwa kutazama nikaenda kuchota maji ambayo yalikuwepo.

Leo asubuhi mawingu yamejaa upande wa Milima ya Rubeho. Baba mdogo kavaa kofia mpya. Kaniuliza gari ni la rangi gani, nikasema jeupe. Akasema magari yote ya miradi ni meupe, Editha. Akacheka. Amenijua.

Kama umeunguza, sema. Sitakucheka. Nitakucheka, lakini baadaye. Sasa hivi nataka kujua kama nimwambie mama mwenyewe, au nimwache aone mashimo.

Editha


Magomeni, Kilosa
1 Machi 2026

Editha,

Barua hii nampa Filipo, nimemwambia asisimame popote mpaka Mikumi, hata kujaza mafuta.

Tarehe 24, saa nne na dakika mbili, nikabonyeza kuanza. Saa nne na dakika tano umeme ukakatika Kilosa nzima. Kompyuta ikazima, intaneti ikaenda, jenereta ikakoroma mara mbili ikanyamaza. Nikabaki natazama kioo cheusi chenye uso wangu. Kule ng'ambo fuwele ya mwisho inazunguka na kusogea, inazunguka na kusogea, na mimi siwezi kuona wala kugusa. Ningekuwa naona, ningegusa. Najijua. Ningeona doa limefifia kidogo ningeongeza nguvu, ningesimamisha, ningerudi katikati. Umeme ulirudi saa saba.

Picha zote zilikuwepo. Nikafungua ya kwanza, nikafungua ya mwisho, nikaziweka pamoja. Editha, sikuweza kujua ipi ni ipi. Madoa ni yaleyale, makali, mpaka pembeni.

Siku nne nilizokaa kimya nilikuwa nazipitia. Sikutaka kukuandikia tena kitu nisichokihakiki. Umbo limetoka. Pale inaponusia mzizi panaonekana wazi, kuna kijishimo, ndani yake kama mfuko.

Usifurahi kama mjinga. Picha si dawa. Kitu cha kuziba kile kijishimo bado hakijapatikana, kinaweza kuchukua miaka, kinaweza kisipatikane. Mama asikiambie kiduha maneno ya haraka. Lakini mkuu wa mradi alisema picha ikipatikana mashamba yanaanza, na ameshika neno lake. Ijumaa nilimpelekea daftari, akauliza yaliyotokea tarehe nane. Nikamwambia niliunguza. Fuwele tatu, kwa kiburi, mashine ilikuwa nzima. Aliandika kitu kwenye kitabu chake, sijui nini. Mama nitamwambia mwenyewe.

Kwenye daftari la maabara kila mpango una kichwa. Huu nimeuandika "Mpango wa hindi". Wenzangu wamecheka sana. Nimewauliza nani kati yao anaweza kuchoma hindi moja, kwa mkaa wa vidole vitatu, likaiva lote. Ni watu wa kuagiza chipsi.

Gari linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Ni la kijani. Utajua mwenyewe utamwambiaje baba mdogo.

Naomi


Mikumi, stendi
9 Machi 2026

Dada,

Nilimwambia wamelipaka rangi.

Tarehe mbili nilikuwa Zombo tangu alfajiri, Goodhope mgongoni, barua yako bado sijaipata. Mvua ilianza saa tatu, ile ya matone makubwa. Baba mdogo akaanza kubeba viriba, kimoja kimoja, anavipanga kwenye mashimo huku anaangalia njiani na kuniangalia mimi. Alikuwa ananipa nafasi niombe. Sikuomba. Nilikuwa nimeishiwa uongo, ukweli nao ulikuwa bado uko barabarani.

Mche wa kumi na nne ndipo nikasikia injini inazama kwenye tope pale darajani. Wakatoka watu wanne wamevaa mabuti mapya, wanatembea kama kuku waliofungwa miguu. Mmoja akauliza, "Samahani, shamba la mama yake Daktari Naomi ni hili?" Baba mdogo akakibana kiriba kwapani. Akajipangusa mikono, akasema, "Karibuni sana, mimi ndiye msimamizi." Dada, msimamizi! Mtu ana mche wa mtiki kwapani!

Wamepima, wamepiga vigingi, wamegawa shamba vipande. Kipande kimoja maharage, kimoja mahindi ya kawaida, kimoja wameacha kwa ajili ya hicho kitakachopatikana au kisipatikane. Mama wamemweleza kuwa ni majaribio. Kasema yeye alishajaribu vingi, hata kuzaa wasichana wawili wasiopatana alijaribu.

Mitiki kumi na minne imebaki upande wa barabara, mama kasema iwe uzio. Mingine baba mdogo kaifunga kwenye baiskeli, akaondoka. Hakupiga miluzi.

Kuhusu mashine, mama alikwisha kujua. Kasema tangu ukiwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unasema kikombe kimeteleza. Kasema uje ule ugali, atakusema kidogo, hatakumaliza.

Goodhope ana meno manne. Mmoja wa wale wa mabuti alimwuliza jina nikamwambia. Akasema jina zuri. Nikamwambia ni la basi. Hakuelewa, na mimi sikumweleza.

Nimeandika barua yote hii kiholela, kwanza sikuweka kinachotakiwa kuwekwa juu. Si kwamba nimesahau. Nilitaka nione kama nikifika chini bado nitakuwa nacho.

Shikamoo, dada.

Editha


Magomeni, Kilosa
11 Machi 2026

Marahaba, mdogo wangu. Mtoto hajambo?

Naomi